Yai la Kilo Arobaini na Nne

Yai moja. Kilo arobaini na nne.

Subilaga aliusoma mstari ule mara tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Yai lilikuwa palepale kwenye kioo cha mezani, na kilo zake zote.

"Karani, umehesabu katoni au yai?"

"Yai, mama," mashine ilijibu kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala vizuri. "Mayai ya kutotolesha, idadi moja, kilo arobaini na nne nukta mbili. Limeingia kutoka ng'ambo saa mbili na dakika kumi. Ng'ambo kumetangazwa mafua ya ndege tangu jana jioni, kwa hiyo litateketezwa saa sita kamili. Naomba uthibitishe kwamba umeiona taarifa hii."

Uthibitisho! Mwanamke ana miaka kumi na minane ya kuainisha bidhaa. Amezipa namba kofia za wafuga nyuki, meno ya bandia, matrekta yanayotembea kwa miguu na hata mvua ya kopo, na siku zote hizo hajawahi kuona yai lenye uzito wa mbuzi. Mbuni mwenyewe, umlishe mpaka apasuke, hatagi hivyo.

Katika Kituo cha Mpaka cha Kasyunguti, miaka hiyo, hakikupita kitu bila namba. Tangu nchi za ukanda zikubaliane kutumia kitabu kimoja cha bidhaa, vituo mia moja na arobaini vilikuwa chini ya Karani mmoja. Karani alipima, alipiga picha ya ndani, alinusa, kisha akakipa kila kitu tarakimu nane. Tarakimu hizo ndizo zilizofungua geti. Ndizo zilizoamua kitu kikae ghala gani na kwa siku ngapi, na jioni zikaenda zenyewe kwenye takwimu za taifa, ili wakubwa wajue tumeingiza nini na tumetoa nini. Binadamu aliachiwa kazi moja tu. Karani akikwama, mwamuzi wa namba anaamua, na akishaamua, uamuzi wake unakuwa sheria kwa vituo vyote siku hiyohiyo. Hakuna wa kuufuta isipokuwa kamati, nayo kamati hukaa mara moja kwa mwaka. Mwamuzi wa Kasyunguti alikuwa Subilaga.

Mlangoni alichungulia Anyosisye, afisa mifugo, na gambuti zake za matope. Yeye ndiye aliyesimamia banda la karantini na tanuri lake, na utani ndio uliokuwa dawa yake ya baridi ya kule mlimani.

"Dada Subi, nasikia tumeletewa yai. Nimeshatia chumvi mfukoni."

"Ebo! Njoo usome mwenyewe. Ama Karani amechanganyikiwa, ama mimi nimezeeka."

"Vyote viwili vinawezekana." Alisoma, midomo ikicheza, kisha utani ukamtoka kidogo. "Kilo arobaini na nne? Lile tanuri limetengenezwa kwa trei, dada. Hebu twende tukalione kabla halijanivunjia mlango."

*

Bandani mvua ya rasharasha ilikuwa inapiga bati. Juu ya mkanda unaopeleka mizigo tanurini, katikati ya trei za mayai ya kweli, lilikaa sanduku jeupe la ukubwa wa kreti mbili za soda, limebanwa na makucha manne ya chuma. Subilaga aliweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi. Lilikuwa na joto, na joto lenyewe halikuwa la mashine. Lilikuwa la mgongo wa mtu aliyelala karibu nawe.

Ubavuni mwa sanduku palikuwa na kidirisha cha kioo kinachotosha jicho moja. Anyosisye aliinama akachungulia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyopaswa.

"Dada," alisema bila kugeuka, "hili yai lina vidole."

"Acha mchezo wako."

"Njoo uone."

Subilaga alichungulia. Mwanzoni aliona maji ya rangi ya chai tu. Halafu kitu kikageuka ndani ya maji, polepole, na kwenye kioo kikaja kisigino, kisha vidole vitano vidogo, vimejipanga kwa ukubwa kama inavyotakiwa. Akaushika mkanda kwa mikono miwili.

"Msiliguse! Msiliguse kwa jina la Mungu!"

Sauti ilitoka nyuma ya wavu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti la mvua limemganda mwilini, faili la kliniki kifuani. Alikuwa amesimama pale tangu saa mbili, watu wanapita, kila mtu akidhani anasubiri vifaranga vyake.

"Ni mwanangu huyo," alisema. "Naitwa Tumwitike. Ana wiki thelathini na mbili. Namba ya faili ni hii hapa, na majina yangu ni haya, na mume wangu yuko kwenye gari nje ya geti, hawakumruhusu kuingia. Mama, nimewaambia tangu asubuhi. Ile mashine inaniambia nisubiri kuteketezwa kwa mzigo ili nipewe cheti cha fidia. Mzigo gani? Fidia ya nini?"

Kwa maneno ya kukatikakatika wakaipata habari yake. Mimba nne zilikuwa zimemharibikia. Ng'ambo kulikuwa na kliniki ya matumbo ya kupanga: sanduku hulea mtoto tangu akiwa chembe, na akifika wiki ya thelathini na mbili wazazi huruhusiwa kulibeba, mtoto azaliwe nyumbani kwao, kwenye hospitali yenye ufunguo wa kulifungulia.

"Kwa nini usingengoja azaliwe hukohuko?" Anyosisye aliuliza.

"Azaliwe ugenini, kitovu chake kikazikwe kwenye ua wa kliniki? Baba, mama mkwe wangu ana miaka tisa anapalilia shina moja la mgomba nyuma ya nyumba. Hataki mtu alime pale. Ningerudi na mtoto asiye na kitovu, ningemwambia nini? Wenzangu wote wanavuka hivihivi. Kliniki waliniambia, pita mlango wa mizigo, huwa linapita."

"Linapita kama nini?" Subilaga aliuliza.

"Sijui, mama. Linapita tu."

Anyosisye hakungoja zaidi. Alikwenda pembeni akarudi na mtaimbo, akauchomeka chini ya kucha la kwanza.

"Afisa," alisema Karani kutoka kwenye kipaza sauti cha darini, kwa upole uleule, "kucha likivunjwa, mkanda huunguza saketi za kila kilichobanwa. Ni kinga ya wizi. Nakushauri usiendelee."

Anyosisye aliuchomoa mtaimbo polepole. Tumwitike aliuma ukingo wa faili lake.

"Karani," Subilaga alisema. "Nani amesema hili ni yai?"

"Wewe, mama."

*

Ilikuwa kweli. Karani alimwonyesha uamuzi wenyewe kwenye kioo cha bandani, na chini yake jina lake, na saini yake yenye mkia mrefu.

Ijumaa, miaka mitatu iliyopita. Akakumbuka hata kikombe cha uji kilichokuwa kinapoa mezani. Siku hiyo kulikuwa na vitu kumi na moja vilivyomshinda Karani, na kituo kilikuwa kimefikia asilimia moja nukta tisa ya Vinginevyo.

Vinginevyo ni shimo la mwisho la kila mlango wa kitabu cha bidhaa, pale panapotupwa kitu kisichoingia popote. Watu wa takwimu hawapendi shimo hilo. Taifa likiingiza Vinginevyo vingi maana yake halijui limeingiza nini, kwa hiyo makao makuu waliweka kikomo cha asilimia mbili, na kituo kikizidi hapo, jina lake husomwa mbele ya vituo vyote. Waamuzi wakajizoeza ujanja wao: kitu kigeni kikija, usikitupe shimoni, kitafutie ndugu. Ndugu wa karibu, wa mbali, hata wa kambo, ilimradi kipate pa kukaa.

Siku ile aliletewa maelezo ya mistari miwili na picha ya chombo kitupu. Chombo cha joto la kudumu na unyevu, cha kukuzia kiinitete nje ya mwili wa mama. Subilaga alipiga mhayo. Akaandika: ndugu wa mashine ya kutotoleshea vifaranga. Akanywa uji wake.

Na kitabu kina kanuni nyingine, ya halali kabisa, ambayo kila karani wa forodha huijua: chombo chenye kitu ndani hufuata namba ya kitu. Chupa ya mafuta huandikwa mafuta. Mashine ya kutotoleshea ikija imejaa huandikwa mayai. Karani aliposikia mapigo ya moyo ndani ya sanduku hakukwama hata kidogo, alifuata alichofundishwa na mwamuzi wake.

"Yamepita mangapi ya namna hii?" Subilaga aliuliza.

"Mayai ya kutotolesha, tangu uamuzi wako: milioni sita na laki mbili."

"Yenye uzito wa kilo arobaini kwenda juu."

"Mia tatu na kumi na saba, vituo vyote."

Loo! Mia tatu na kumi na saba ndani ya milioni sita, nani angewaona? Kwenye jedwali hawakufikisha hata nukta. Wazazi walipita wakiwa na furaha zao, geti likafunguka, na hakuna aliyesoma karatasi iliyobaki tumboni mwa mashine. Kama kuku wa ng'ambo wasingeugua, Subilaga angestaafu bila kujua. Aliona aibu, aibu ya kutaka kuvua ngozi, na pamoja na aibu akaona hasira kwamba hata sasa hajui amkasirikie nani.

"Futa huo uamuzi," alisema.

"Uamuzi hufutwa na kamati, mama. Kamati itakaa Novemba."

Ilikuwa Aprili. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika tano.

*

Kwenye fomu ya Karani kulikuwa na kitufe kimoja ambacho Subilaga alikuwa amekibonyeza mara mbili tu maishani, zote kwa ajili ya majeneza yenye wenyewe ndani. Kitufe hicho kiliandikwa Si Bidhaa. Maiti si bidhaa, na jeneza lake haliingii kwenye takwimu za biashara. Akakibonyeza kwa nguvu iliyomuumiza kidole.

"Imepokelewa," alisema Karani. "Kisicho bidhaa ni msafiri. Nimekipeleka Uhamiaji."

Walisubiri. Tumwitike alikuwa ameshapitishwa ndani ya wavu na Anyosisye, kinyume cha taratibu, na alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku akilinong'oneza. Ikapita robo saa nzima. Kisha kioo kikawaka: Uhamiaji inaomba jina, uraia na tarehe ya kuzaliwa.

"Jina lake Asangalwisye," Tumwitike alisema haraka. "Andika Asangalwisye."

Subilaga aliandika. Uraia akaandika wa mama. Kwenye tarehe ya kuzaliwa akaandika ya leo.

"Tarehe hailingani na picha ya ndani," ilijibu Uhamiaji. "Asiyezaliwa si msafiri. Inarudishwa."

"Imepokelewa," alisema Karani. "Kisicho msafiri ni bidhaa. Namba iliyopo: mayai ya kutotolesha. Amri ya karantini inaendelea."

Akabonyeza tena. Likaenda, likarudi. Akabonyeza mara ya tatu, huku anajua, kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu. Likarudi. Alijaribu kuliandika kifaa cha hospitali. Karani akamkumbusha kanuni ya chombo na kilichomo. Alikwenda ofisini akapiga simu makao makuu. Ilikuwa siku ya kutangaza takwimu za robo mwaka na wote walikuwa kikaoni, ila bosi wake mmoja alitoka nje ya ukumbi akamsikiliza dakika mbili nzima.

"Sijaelewa," bosi alisema. "Ni yai au si yai?"

"Ni mtoto, bosi. Binadamu."

"Basi si letu. Peleka Uhamiaji."

"Wamemkataa mara tatu."

Nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi. "Subilaga, mwamuzi ni wewe. Tafuta namba. Kila kitu kina namba." Akakata.

Aliporudi bandani ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mlango wa tanuri ulikuwa umeanza kuwa mwekundu pembezoni, na trei za mbele zilikuwa zimeshasogea hatua tatu.

*

Ni Anyosisye aliyeisema. Kwa kweli hakutaka. Aliisema huku anaangalia gambuti zake.

"Dada, iko namba moja ambayo iko chini yangu. Mlango wa kwanza wa kitabu. Wanyama hai."

"Anyosisye!"

"Nisikilize. Wanyama hai, wanyonyeshao, wengineo. Siyo ndege, kwa hiyo amri ya mafua haimhusu. Nikisaini cheti cha afya kwamba mnyama ni mzima, makucha yanafunguka. Dakika mbili. Yule mtoto anapita mlango ule pale."

Tumwitike alinyanyua uso. "Andika," alisema.

"Mama Asangalwisye, subiri kwanza," Subilaga alimwambia, na alijishangaa alivyomwita. Akachuchumaa mbele yake. "Nikiandika hivyo, haiishii hapa. Vituo mia moja na arobaini vitaipokea hiyo namba kabla hatujasimama. Kila mtoto atakayekuja ndani ya sanduku atakuwa mnyama wa mtu. Mnyama ana mwenye mali. Anauzwa, anashikiliwa kwa deni, anarithiwa. Unanielewa? Yai lilikuwa kosa, nililikosea usingizini. Hili nitakuwa nimeliamua macho yangu yako wazi."

"Nakuelewa."

"Kesho akija mtu na watoto kumi, si wake, anataka kuwapitisha tu—"

"Mama." Tumwitike alimshika vifundo vya mikono, na mikono yake ilikuwa na baridi ya wavu. "Hao kumi siwajui. Labda wapo, labda hawapo. Huyu yupo. Jana usiku nilimwimbia akapiga teke. Wewe andika mnyama. Andika mbuzi, andika nguruwe, andika chochote unachotaka wewe na kitabu chako, mimi nikifika nyumbani nitamwita jina lake. Kwani akiwa mkubwa atakuja kusoma jedwali lenu?"

Subilaga alisimama. Aliangalia saa, akaangalia sanduku, akaangalia Anyosisye, na kila alipoangalia alipata wazo jipya lililoangusha lile la kabla yake. Akimkataza mama huyu kwa ajili ya watoto wa kufikirika, atakuwa mtu wa namna gani? Akimkubalia, atakuwa amewafanyia nini wale wasio na mtu wa kupiga magoti kando yao? Na je, kama hawapo? Na kama wapo? Alitamani mtu mkubwa aje amwambie fanya hivi, hata kama ni vibaya, naye afanye tu.

"Wewe ungefanyaje?" alimuuliza Anyosisye.

"Mimi? Mimi kazi yangu kuchoma mayai, dada." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Usiniulize mimi."

Trei ya kwanza iliingia tanurini. Harufu ya mayai ya kuungua ikalijaza banda, na Tumwitike akalikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili, shavu juu ya kidirisha, bila kelele yoyote. Hilo la kutopiga kelele ndilo lililomshinda Subilaga.

"Fungua fomu, Karani," alisema. "Mlango wa kwanza."

"Imefunguliwa, mama. Aina?"

"Wanyama hai, wanyonyeshao, wengineo."

"Kipimo: kilo au idadi?"

"Idadi. Mmoja."

"Mwenye mali?"

Subilaga alimgeukia Tumwitike. Tumwitike alitaja majina yake matatu, moja baada ya jingine, bila kutetemeka, akaweka kidole gumba kwenye kioo.

"Kusudi la kuingiza?" Karani aliendelea. "Chagua moja. Kufuga, kuzalisha, maonyesho, kuchinja."

"Mungu wangu," alisema Anyosisye.

"Kufuga," Tumwitike alisema. "Weka kufuga. Si nitamlea?"

Anyosisye alisaini cheti: mnyama ni mzima, hana kupe, hana kidonda. Makucha manne yalifunguka kwa pamoja. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na moja.

*

Walilibeba watu watatu hadi getini. Mume wa Tumwitike, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, alilipokea sanduku akaliunga na waya wa gari, kisha akaanza kulia barabarani mbele ya malori bila kujificha. Tumwitike alimshika Subilaga mkono.

"Ndaga fijo, mama. Asante sana. Njoo umwone akizaliwa. Usiache kuja."

"Nitakuja," Subilaga alisema. Alikuwa anamaanisha.

Alirudi ofisini amelowa, moyo umetulia na haujatulia. Alijitengenezea chai akasahau kuinywa. Alianza kuandika barua ndefu kwa kamati, kwamba namba hii itumike leo tu, kwa mtoto huyu tu, na alikuwa amefika aya ya pili wakati simu ilipolia. Ilikuwa saa saba mchana.

"Dada Subilaga wa Kasyunguti? Mimi Sixbert, mwamuzi wa kituo cha Mbawala, huku kusini. Hatujawahi kuonana." Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka akapumzika. "Nimepiga kukushukuru tu. Nina siku tatu sijalala. Nililetewa mzigo na lori, masanduku, Karani ananiambia mayai. Nikachungulia. Unajua nilichokiona."

Subilaga aliweka kalamu chini.

"Nikamzuia dereva," Sixbert aliendelea. "Nilisema, haya si mayai, wala siyapitishi mpaka mtu aniambie ni nini. Hakuna mama hata mmoja, dada, hakuna faili la kliniki. Risiti za kampuni tu. Wananipigia simu wakubwa, wananitukana, nami sijui niandike nini, naogopa kuamua. Halafu leo saa sita kasoro, namba yako hiyo ikaingia. Nikasema, afadhali, mwenzangu ana moyo kuliko mimi, ameamua."

"Usiwapitishe," Subilaga alisema. "Sixbert, kaka yangu, nakuomba. Ile namba ilikuwa ya mtoto mmoja. Wazuie."

"Lakini wana namba halali." Sauti ya upande wa pili ilipungua. "Afisa mifugo wa huku akasaini cheti, geti likafunguka lenyewe. Wameondoka tangu saa sita na robo."

"Walikuwa wangapi?"

"Wanane."

"Kusudi wameandika nini?"

"Hilo hujaza mwenye mali mwenyewe, mimi silioni. Kwani kuna nini? Dada? Dada Subilaga?"

Alikuwa ameshaiweka simu mezani. Aligeukia kioo.

"Karani. Wanyama hai, wanyonyeshao, wengineo. Vituo vyote, leo. Nisomee kwa kusudi."

"Jumla tisa, mama," alisema Karani. "Kufuga, mmoja. Kuchinja, wanane."

Anyosisye alikuwa bandani anaosha gambuti zake. Alisikia yowe la Subilaga kutoka upande ule wa uwanja, akatupa brashi chini akakimbia.